Spiriti Kwenye Tangi la Mwalimu

Kuna watu husafisha kitu kwa sababu kimechafuka, na kuna Sista, ambaye alisafisha kitu kwa sababu kipo. Mlango ukifungwa, alifuta kitasa. Kijiko kilichotoka kuoshwa alikiosha tena kabla ya kukitumia, mbele ya huyohuyo aliyekiosha, bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Alikuwa muuguzi mkuu wa wadi ya upasuaji mpaka alipostaafu, na ingawa sare aliirudisha, cheo hakukirudisha. Mtaa mzima ulimwita Sista. Hata mwanawe wa pekee, akiwa na wageni, alijisahau akamwita hivyohivyo.

Baada ya kustaafu alihamia kwa huyo mwanawe, na hapo ndipo alipokutana na tangi la samaki. Tangi lilikuwa la mke wa mwanawe, mwanamke mpole wa kauli fupi aliyefundisha chekechea. Watu walimwita Mwalimu, na mkwewe pia alimwita Mwalimu, ila yeye alilitamka neno hilo puani kidogo. Huyu Mwalimu alikuwa na mpango. Alitaka kuacha kazi ya kuajiriwa na kufungua chumba cha kulelea watoto mchana katika sebule ya mbele, ile inayotazama barabara. Alishapaka ukuta rangi ya njano, alishashusha rafu hadi usawa wa mtoto, alishaziba soketi zote. Tangi aliliweka ukutani katikati, kwa kuwa kazi ilimfundisha kwamba mtoto anayemlilia mama yake hunyamaza upesi mbele ya samaki kuliko mbele ya mwalimu. La kioo hakulitaka. Kioo na watoto havipatani. Kikombe kimoja kikirushwa, damu imeshamwagika. Alitafuta mpaka akapata la mtumba la plastiki ngumu iliyo angavu, ile ambayo wauzaji huiita akriliki, nyepesi, haivunjiki ovyo, na ikitunzwa inapitisha mwanga kama maji.

Samaki wa kwanza walikuwa wadogo, wa rangi ya chungwa, na hawakudumu. Walianza kuhema juujuu ya maji, midomo wazi, kisha mmoja mmoja wakageuka matumbo juu. Jumapili iliyofuata majirani walikuja kunywa chai, na mmoja akauliza mbona tangi ni tupu. Mwalimu hajafungua kinywa, Sista akawa ameshajibu.

"Uchafu," alisema, huku akikoroga chai yake. "Samaki hawezi kuishi kwenye uchafu ule. Mimi nilisema, lakini mimi ni nani?"

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliochoma. Neno la mtu mwingine lingepita kama upepo, lakini neno la Sista juu ya usafi lilikuwa hukumu. Wale mama waliokwisha kuahidi kuleta watoto wao walianza kupata sababu. Mmoja, ghafla, alipata shangazi wa kukaa na mtoto. Mwingine alisema ataona baadaye, na sote tunaijua hiyo baadaye. Mwalimu hakujitetea. Alimjazia mkwewe kikombe cha pili, akakaa chini, akawauliza wageni habari za nyumbani.

Muda ukapita. Mwalimu alikuwa ameshaaga shuleni, nafasi yake imeshapewa mtu mwingine, na hakukuwa na kurudi nyuma. Mama wanne wa mtaa wa pili walikubali kuja Jumamosi kukitazama chumba. Wakipendezwa, kazi itaanza. Wasipopendezwa, Mwalimu atabaki hana shule wala watoto, amekaa kwenye sebule ya njano na viti vya kimo cha goti. Kila mtu ndani ya nyumba alilijua hilo, ingawa mezani halikuzungumzwa. Samaki wapya walishaagizwa, na tangi lilitakiwa kuoshwa.

Ijumaa asubuhi, Mwalimu akiwa anatoka kwenda kumalizia siku yake ya mwisho shuleni, alimkuta Sista amesimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, akiutazama ukoko mweupe uliobaki pale maji yalipokuwa yanaishia.

"Mama, hilo nitaliosha nikirudi."

"Na mimi nikae tu kama pambo?"

Mwalimu alisita. Alitazama saa, akamtazama mkwewe, akaweka mkoba chini. Alileta ndoo mpya ambayo haikuwahi kutiwa sabuni, chupa ya siki, na vitambaa laini vya pamba, akavipanga juu ya meza.

"Basi naomba uoshe hivi, mama. Maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, yatalipinda. Ule ukoko ubandike kitambaa chenye siki, uuache, utalainika wenyewe. Usiukwangue kwa kisu wala kwa dodoki la waya, plastiki hii inachubuka haraka na mchubuko hautoki. Sabuni hapana, hata kidogo, inajificha halafu inaua samaki. Suuza na maji matupu mpaka harufu ya siki iishe. Dawa ya vioo hapana. Na spiriti hapana kabisa. Hiki si kioo, mama. Spiriti inakipasua."

"Inakipasua," Sista alirudia. "Mimi nimepaka spiriti vitovu vya watoto wachanga, na hakuna mtoto aliyepasuka."

"Mtoto si plastiki, mama."

"Haya nenda, utachelewa."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini, labda kwa sababu wahenga wenyewe walikuwa wakuu. Sista alimsikia Mwalimu vizuri sana. Masikio yake yalikuwa mazima. Tatizo ni kwamba kila neno lilipoingia lilikuta kiti kimeshakaliwa.

Hata hivyo tusimwonee, alianza vyema. Alilibeba tangi hadi uani, akaliweka juu ya taulo lililokunjwa, akalowesha kitambaa kwa siki na kukibandika pale penye ukoko. Alipokiondoa, ule weupe ulitoka laini kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Alifuta taratibu kwa kitambaa kingine, akasuuza, akamwaga, akasuuza tena. Siki ilifanya kazi yake na Sista aliona kwa macho yake kwamba imefanya. Alipitisha kidole ndani, kidole kikateleza bila kukwama. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo na mimi ningepumzika.

Lakini tangi halikuwa na harufu. Kwa Sista, usafi ulikuwa na harufu yake, ile kali inayopanda puani na kukutoa machozi kidogo, na kitu kisicho na harufu hiyo kilikuwa kimeoshwa tu, hakijasafishwa. Siki aliiona ni kitu cha jikoni. Alisimama akilitazama tangi lililokuwa safi kabisa, moyo ukimsumbua, na moyo wa mtu aliyezoea kuamuru ukimsumbua huwa hamsumbui peke yake. Aliingia chumbani kwake, akainama, akatoa chini ya kitanda chupa ya kahawia.

Alijiambia kidogo tu. Alifuta ndani, akafuta nje, na akakaza mkono zaidi kwenye pembe, pale vipande vya plastiki vinapoungana, kwa sababu pembeni ndiko vijidudu hujificha. Hilo alilifundisha kwa wauguzi wanafunzi mpaka wakaliota. Tangi likang'aa. Akaketi kivulini na chai yake, akitunga maneno atakayomwambia Mwalimu jioni. Alitaka yawe maneno ya upole.

Jua lilipozunguka na kupiga upande ule ndipo alipouona unywele. Ulikuwa kwenye pembe moja, mwembamba, unang'aa. Alidhani ni uzi wa kitambaa, akaufuta. Na aliufuta kwa nini? Kwa kitambaa kilekile chenye spiriti. Unywele haukutoka, bali ulizaa. Mistari mingine ikatokea kando yake, mifupi, myembamba, imejipanga kama nyufa za kisigino kilichokaukiwa. Alikwenda pembe ya pili, akaikuta hivyohivyo, na mbili zilizobaki pia. Alikimbilia maji, akamwaga ndoo nzima, akasugua kwa kiganja, akamwaga nyingine. Maji yaliteremka, nyufa zikabaki. Zilikuwa ndani ya plastiki yenyewe, na huko mkono wa Sista haukuweza kufika.

Mtu mzima akiharibu kitu cha mwenzake hufanya moja ya mawili: hukaa akasubiri aulizwe, au huficha. Sista alificha. Alilirudisha tangi sebuleni, pembe mbili mbaya zaidi akazielekeza ukutani, na mbele ya zile mbili nyingine akaweka vyungu vya maua kutoka dirishani. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa huku na huku kuangalia kama panaonekana. Palionekana. Akasogeza chungu. Alijiona akisogeza chungu, mwanamke wa umri wake, na haya zikamshika hata kabla hajaonwa na mtu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa muuza samaki wa mapambo, ambaye watu walimwita Kambale kwa sababu ya masharubu yake, marefu na membamba, yaliyoning'inia pande zote mbili za mdomo. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja na pampu ya hewa na chujio mkononi, apate kuvipachika kabla ya kuleta samaki jioni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mwenyewe hayupo."

"Nafunga tu hivi, naondoka." Alikwishaingia. Aliondoa vyungu vya maua bila hata kuuliza, akaviweka chini, akainama. Alinyamaza, na kunyamaza kwa Kambale kulikuwa habari peke yake. Kisha akaingiza pua ndani ya tangi.

"Nani kapaka spiriti humu?"

Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumrudisha daktari bingwa mlangoni akanawe upya. Aliwahi kusema mbele ya wakubwa wa hospitali maneno ambayo wengine hawakuthubutu hata kuyanong'ona. Sasa alimtazama muuza samaki, akatazama pembeni.

"Mimi sijui," alisema. "Muulize mwenye tangi."

Ndivyo alivyosema. Tusimsaidie.

Kambale alitikisa kichwa, masharubu yakafuata. "Mwalimu? Basi yule mama na dawa, Mungu ndiye anajua. Si hata wale wa kwanza aliwaua hivyohivyo? Alikuja dukani kwangu na sifongo la chujio kwenye mfuko, linanuka klorini mpaka paka wangu akatoka nje. Nikamwambia, Mwalimu, sifongo hili haliguswi na dawa. Ule utelezi unaouona uchafu, ndio unaokula uchafu. Ukiuosha kwa klorini, maji yanabaki bila mfanyakazi, samaki wanakufa kwa mikojo yao wenyewe. Linasuuzwa na maji yaleyale ya tangi, basi. Nikamuuliza, nani kaliosha? Akakaa kimya, akakaa kimya. Halafu akasema, ni mimi, nilikosea mimi."

Sista alishika mgongo wa kiti.

Sifongo lile alikuwa akiliosha yeye. Kila Ijumaa, Mwalimu akiwa shuleni, alilitoa majini kwa vidole viwili, limejaa utelezi wa kahawia, akalizamisha kwenye maji ya klorini yaleyale aliyoloweka mashuka, akalikamua, akalirudisha mahali pake kama lilivyokuwa. Hakumwambia mtu. Alijiona anafanya wema wa siri, wema wa muuguzi asiyetaka shukrani. Na samaki walipokufa, alitafuta mchafu ndani ya nyumba, akampata. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo za Sista zilikuwa zimepigwa pasi.

"Alikuja lini kwako?" aliuliza.

"Siku alipokufa wa mwisho. Jumamosi ile."

Na chai ya majirani ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo Mwalimu alijua. Alikaa pale, mbele ya wageni, akaitwa mchafu na mtu aliyeua samaki wake, akijua kwamba ndiye aliyewaua, akainuka akamjazia kikombe cha pili. Sista aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Haikuwa ile ya kukosea, kwani kukosea aliwahi, kila mtu aliyefanya kazi na wagonjwa aliwahi. Hii ilikuwa aibu ya kugundua kwamba umefunikwa shuka na mtu uliyekuwa ukimvua nguo.

Kambale alikuwa akiendelea kusema. "Hili sasa basi. Maji yakiingia, yatasukuma hizo nyufa, litafumuka siku yoyote. Mimi samaki wangu siwatii humu, na watoto wasicheze karibu na maji yake. Mwambie Mwalimu nimepita." Alibeba pampu yake, akaondoka.

Mwalimu aliporudi alisimama mbele ya tangi kwa muda. Aligusa pembe moja kwa ncha ya kidole, akainusa ile ncha ya kidole. Sista alikuwa kwenye kochi, mgongo umenyooka, akisubiri. Alitamani kuulizwa. Angeulizwa angejibu, au ndivyo alivyojiambia. Lakini Mwalimu alimtazama mara moja tu, macho yamechoka, kisha akaanza kuvirudisha vyungu vya maua dirishani.

Wakati wa chakula mwana wa Sista ndiye aliyeuliza. "Tangi limekuwaje? Juzi lilikuwa zima."

"Limechoka," Mwalimu alisema. "Vitu vya mtumba ndivyo vilivyo. Ongeza mboga."

Mwanawe akaongeza mboga. Sista alishusha macho kwenye sahani, akaendelea kutafuna. Ilikuwa nafasi, na aliiona ikipita. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wanasema, na mwosha mwema hasemi. Basi mezani pale mwosha alikuwa Mwalimu, na maiti alikuwa hai, amekaa anatafuna.

Jumamosi mama wanne walifika, wawili na watoto mgongoni. Tangi lilikuwa palepale ukutani. Mwalimu alikuwa amelisuuza vizuri, akalikausha, akalijaza vitabu vya picha vikiwa vimesimama, majalada yakitazama nje, ili mtoto achague kitabu kwa kukiona. Lilipendeza. Ukikaribia uliziona nyufa kwenye pembe, na ukiwa mbali uliona rangi tu. Mwalimu alizunguka nao chumba chote akieleza: hapa watalala, hapa watanawa, lango hili halifunguki kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa tulivu, ila alikuwa akijipangusa viganja kwenye sketi, na Sista, aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango, alihesabu hilo miongoni mwa makosa yake.

Mmoja wa wale wageni alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni aliyeitwa Mama Mapacha. Huyu hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alisimama mbele ya vitabu, akagonga plastiki kwa ukucha.

"Hili si ndilo lile la samaki? Mwalimu, mimi sipendi kusema pembeni, nasema hapahapa. Nilisikia samaki walikufa kwa uchafu. Na aliyesema siyo mbea wa njiani. Nasikia ni Sista mwenyewe."

Wote wakageuka kumtazama Sista. Mwalimu naye aligeuka, lakini hakumtazama mkwewe; alivuta pumzi, na Sista akajua kabisa kinachokuja. Alikuwa anataka kusema tena ni mimi.

"Ngoja," Sista alisema, akainuka.

Alijikaza kisabuni. Aliongea kama alivyokuwa akiongea katika wadi akimkabidhi zamu muuguzi mwingine, mfululizo, bila mapambo. Alisema samaki hawakuuawa na uchafu. Waliuawa na yeye, kwa kuosha sifongo la chujio kwa klorini kwa siri. Alisema Mwalimu alimwelekeza jinsi ya kuosha tangi, siki na maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, na yeye akaongeza spiriti kwa ujuaji, na nyufa wanazoziona pale ni za mkono wake. Alisema alimwita mchafu mwanamke msafi. Habari za Kambale hakuzitaja. Alijiambia hizo hazihusiani na watoto wa watu.

Alipomaliza, wale mama walitazamana. Kisha mmoja wa wale mama akapumua, akasema, "Sista, wewe ni mtu wa kweli. Wangapi wangesema?" Mwingine akaitikia kwamba kweli, siku hizi mkwe wa hivyo hapatikani. Na Sista, tusimfichie, alihisi nafuu ikimwingia mwilini kama maji ya baridi kwa mwenye kiu. Alikuwa ameingia kwenye kiti cha mkosaji na alikuwa anatoka na sifa.

Mama Mapacha hakusifu. "Sawa," alisema. "Na wewe na hizo dawa zako utakuwa humu ndani na watoto?"

Sista akafungua mdomo. Mwalimu akawahi.

"Mama yumo humu, ni kwake. Dawa zake zitafungiwa. Kitu cha watoto hakuna atakayekigusa bila kuniuliza, awe nani. Na samaki watarudi, kwenye tangi jingine, nitakaloliosha mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, na alisema bila kupandisha sauti. Mama Mapacha alimtazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi nitaleta wangu wawili. Juzi wamemwosha paka kwa dawa ya meno, wao na Sista wataelewana." Watu wakacheka, Sista akacheka nao, kwa uchungu kidogo. Watatu walikubali. Wa nne alisema atazungumza kwanza na baba watoto, akaaga vizuri, na hakuna aliyemlaumu.

Wageni walipoondoka, Sista alikusanya vikombe kwenye trei akavipeleka jikoni. Hakuwahi kumwachia mtu vyombo nyumba ile bila kuviosha mara ya pili, na leo alikuwa tayari kuviacha vioshwe mara moja. Mwalimu alikuwa ameshaanza kazi, amempa mgongo, bomba likitiririka.

"Basi yamekwisha," Sista alisema. "Nimeyamaliza mwenyewe."

"Umewaambia."

"Nimewaambia yote."

"Jioni mtaa mzima utakuwa umesikia, mama. Watakusifu." Mwalimu alifunga bomba. Akajipangusa mikono, akageuka. "Mimi hujaniambia."

Sista alicheka kidogo, kama anayesikia mzaha. "Si ulikuwepo? Si umesikia?"

"Nilikuwepo."

Alisimama tu pale, mgongo kwenye sinki, akisubiri, na ndipo Sista alipoelewa. Mbele ya wanawake wanne maneno yalitoka yenyewe, kwa sababu wanne walikuwa na cha kumpa. Huyu mmoja hakuwa na cha kumpa. Alishampa vyote, kimya kimya, tangu ile Jumapili ya chai, na hakuna aliyemshangilia. Jikoni palikuwa padogo. Hapakuwa na mahali pa kutazama isipokuwa uso wa mke wa mwanawe, na uso huo, Sista alitambua kwa fedheha, hakuwahi kuutazama hasa.

"Mwanangu," alisema. Akaanza upya. "Mwanangu, samaki wako niliwaua mimi. Halafu nikakuita mchafu mbele ya watu, na wewe ulikuwa unajua, ukanyamaza kwa ajili yangu. Nimekukosea wewe. Siyo wale."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, polepole. Uso wake ulikuwa umeanza kulegea, kama wa mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu na kuambiwa autue. Sista angeweza kukomea hapo, na angesamehewa. Alijua angesamehewa. Lakini kwa kuwa alijua, hakuweza.

"Na jana," alisema, "Kambale aliponiuliza nani kapaka spiriti, nilisema sijui. Nilimwambia akuulize wewe. Akaamini ni wewe. Nikamwacha aamini."

Kichwa cha Mwalimu kikakoma kuitikia.

"Hilo la jana sikulijua," alisema.

Akaweka mkono mdomoni, akalia. Mwanamke aliyeitwa mchafu asilie, aliyepoteza watoto wa kulea asilie, aliyeharibiwa tangi lake asilie, alilia pale jikoni bila kujificha, na Sista akasimama mbele yake na trei ya vikombe, asijue pa kuiweka.